Safari Fupi ya Treni na Watoto Wadogo



Kila likizo ya skuli inapokaribia, swali moja huzunguka katika nyumba zetu za pwani: safari hii watoto tuwapeleke wapi? Ufuoni wamekwenda mara nyingi, kwa jamaa wa mtaa wa pili wamelala mpaka wamechoka, na michezo ya simu imewatia uvivu wa macho na viungo. Wakiulizwa wenyewe, wengi wao hujibu kwa neno moja tu: treni. Wameiona ikipita kwa mbali, wamesikia habari zake kwa wenzao, nao wataka kuipanda. Basi juma hili safu yetu yaizungumzia safari fupi ya treni pamoja na watoto wadogo: namna ya kuipanga, kwenda na kurudi, bila ya mama kurudi amechoka kuliko alivyoondoka, na bila ya swala kupotea njiani.

Twasema safari fupi kwa makusudi. Tangu reli mpya izinduliwe tarehe 31 Mei 2017, wengi wetu tumeizoea fikra kwamba kupanda treni ni kwenda Nairobi. Lakini njia hiyo ni ya kilomita 472, na treni ya asubuhi isimamayo vituoni huchukua karibu saa sita. Kwa mtu mzima hilo ni jambo jepesi. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, saa mbili za kwanza ni furaha, ya tatu ni maswali, na zilizobaki ni kilio. Ndipo tunapopendekeza familia yenye watoto wadogo ianze na Voi.

Kwa nini Voi

Treni ya asubuhi huondoka Miritini saa mbili, na ndiyo isimamayo stesheni za kati: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Mariakani ni karibu mno. Mtoto hajamaliza kustaajabu ila ameambiwa ashuke. Voi iko umbali wa kilomita 150 hivi, nayo treni hufika chini ya saa mbili. Muda huo watosha mtoto kuonja safari, kula kitu kidogo, kutazama nje na kushuka angali na hamu.

Njia yenyewe nayo ni darasa. Mtoto wa mjini ataona minazi ikipungua kadiri treni inavyopanda kutoka pwani, kisha miti ya miiba ikitanda katika nyika ya Taru, na udongo ukibadilika ukawa mwekundu. Akifika sehemu za Tsavo, akijaaliwa, huenda akawaona ndovu ambao rangi yao yafanana na udongo ule, kwa kuwa wao hujipaka vumbi lake. Reli imeinuliwa juu ya tuta, na mahali kadhaa imeachwa njia chini yake ili wanyama wapite. Mtoto akielezwa hayo kabla, atakaa dirishani akitafuta, na anayetafuta halii.

Wakubwa kidogo waelezwe pia habari za reli ya kale, ambayo kazi yake ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Maelfu ya wajenzi waliletwa kutoka Bara Hindi, na wengi miongoni mwao walikuwa Waislamu. Pale Mackinnon Road, kando ya barabara kuu, uko msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, mfanyakazi wa reli kutoka Punjab, ambao wasafiri wa pwani wamekuwa wakisimama hapo kwa miaka mingi. Na ni mwaka 1898, huko mtoni Tsavo, simba wawili walipowashambulia wajenzi hata kazi ya daraja ikasimama kwa muda. Kisa hicho kisimuliwe mchana, si wakati wa kulala.

Sababu ya mwisho yatupendeza zaidi. Familia nyingi za pwani zina jamaa Voi, Taveta au Mwatate, ambao twakutana nao kwenye mazishi na harusi peke yake. Safari ya watoto ikiwa pia ni safari ya kuunga udugu, matembezi yamekuwa ibada kwa nia tu, na malazi nayo huenda yakapatikana bila gharama ya hoteli. Lakini mwenyeji aulizwe mapema na kwa uwazi, aambiwe idadi ya wageni na siku za kukaa. Mgeni wa ghafla mwenye watoto watano ni mtihani hata kwa mwenye moyo mkunjufu.

Nani aibeba safari

Kabla ya kununua tiketi, kuna mazungumzo yanayopasa kufanyika nyumbani. Katika nyumba zetu nyingi, baba hutoa ruhusa na nauli, kisha kazi yote iliyobaki hubaki kwa mama: kupika, kufua, kupanga nguo, kuwaogesha watoto alfajiri, kubeba mchanga mgongoni na mkubwa mkononi, na kumbembeleza anayelia. Ikifika jioni, kila mtu amefurahi isipokuwa yeye. Safari ya namna hiyo ni kuihamisha kazi ya nyumbani na kuipeleka kilomita 150. Kama mama hapati hata nusu saa ya kukaa dirishani akitazama nje, heri ile nauli ingewekwa.

Tumefundishwa na Mtume wetu (s.a.w.) kwamba watu watatu wakitoka safarini, wamchague mmoja wao awe kiongozi wao. Mafundisho haya hayakuwekwa kwa misafara ya jangwani pekee. Familia nayo yahitaji mtu mmoja mwenye neno la mwisho juu ya saa ya kuondoka, gari la kupanda na wakati wa kula, ili watu wasibishane mbele ya watoto stesheni. Na uongozi huo ni amana ya utumishi, kwa hivyo kiongozi ndiye abebe mzigo mzito.

Twashauri usiku mmoja, siku kadhaa kabla, familia ikae kitako na kugawana kazi kwa majina. Baba ashike tiketi, vitambulisho na fedha, na awe msimamizi wa choo kwa watoto wa kiume. Mama ashike chakula na dawa. Kijana wa miaka kumi ashike mkono wa mdogo wake mmoja, huyo tu, na aambiwe kwamba hiyo ndiyo kazi yake tangu Miritini hadi Voi. Bibi akiwa yumo safarini, asifanywe yaya. Apewe kiti cha dirishani na heshima yake. Na mama atakayesafiri bila mumewe atafute maharimu wa kwenda naye, kaka au ami, kama walivyofundisha wanazuoni wetu. Mbali na hukumu, mikono miwili haiwatoshi watoto watatu.

Tiketi na hesabu ya fedha

Tiketi hununuliwa stesheni, kwenye mtandao au kwa simu kwa kubonyeza *639# na kulipa kwa M-Pesa. Wakati wa likizo na sikukuu zisingojewe siku za mwisho, maana viti hujaa, na familia iliyochelewa hutawanywa mabehewa mbalimbali. Mtoto aliye chini ya miaka 3 halipi, lakini pia hapati kiti, atapakatwa. Wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu ya nauli na hupewa kiti chake. Jina lililo kwenye tiketi sharti lilingane na kitambulisho, na kwa watoto chukueni cheti cha kuzaliwa au nakala yake. Yaandikwe majina kamili, si yale ya nyumbani. Mamu na Chuchu hawamo katika vyeti.

Nauli iliongezwa Januari 2024, pale tiketi ya daraja la kawaida kutoka Mombasa hadi Nairobi ilipopanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na nauli za stesheni za kati nazo zikapanda. Hata hivyo, kwa uzoefu wetu, nauli ya treni si ndiyo ivunjayo hesabu ya familia. Kinachovunja hesabu ni gari la kutoka nyumbani hadi Miritini, gari la kutoka stesheni ya Voi hadi mnakolala, na magari hayo hayo wakati wa kurudi. Hayo ni magari manne ambayo wengi huyasahau. Yaandikeni kwanza. Kisha andikeni nauli, chakula, zawadi ya mwenyeji, na akiba ndogo ya dharura. Jumla ikizidi uwezo, safari iahirishwe mpaka likizo ijayo. Hakuna haja ya kukopa kwa ajili ya matembezi. Mtoto hatakumbuka mlikwenda Aprili au Agosti, lakini deni litakumbukwa na kila aliyemo nyumbani.

Saa nayo ihesabiwe vyema. Tiketi huandika saa za kizungu, basi 08:00 ni saa mbili yetu ya asubuhi. Abiria wanatakiwa wawepo stesheni saa nzima kabla. Kwa hiyo mwenye kukaa kisiwani aondoke mapema asubuhi, na mwenye kuvuka kivuko cha Likoni au kutoka Kilifi azidishe. Swala ya alfajiri isaliwe nyumbani kwa utulivu, watoto wakiwa wamevishwa, na mizigo iko mlangoni tangu usiku.

Mizigo na ukaguzi

Mzigo wa safari ya siku mbili hauhitaji masanduku. Begi moja la nguo kwa familia nzima, begi moja la chakula, na kipochi cha mama chenye vitu vya mkononi, yatosha. Kila mtoto abadilishiwe nguo seti mbili na moja ya akiba. Msisahau sweta, kwa kuwa mabehewa yana kiyoyozi, na mtoto aliyezoea joto la Mombasa huanza kutetemeka mapema. Leso mbili ni hazina isiyo na mfano: moja ya kumfunika anayelala, nyingine ya kutandika, kufutia, kujisitiri mama anaponyonyesha, na hata kubebea.

Chakula kiwe kikavu na kisicho na harufu kali: mahamri, mkate wa mayai, viazi karai visivyo na rojo, katlesi, ndizi na tende. Maembe yakatwe nyumbani, maana visu na vitu vyenye ncha haviruhusiwi. Kaimati zenye shira ziacheni. Hakuna atakayeweza kuosha mikono ya watoto watatu kwenye treni inayokwenda. Anayechefuka safarini ale kidogo, akae akitazama mbele, wala asipewe simu ya kutazama. Na maji yawe ya kutosha, pamoja na kopo dogo au chupa tupu ya kutilia maji ya kujitahirishia chooni, kwa sababu si kila choo cha safarini hupatikana humo njia ya kutumia maji.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo akina mama wengi hutuuliza. Kabla ya kuingia stesheni, mizigo hupangwa mstari chini na mbwa wa askari hupitishwa kuinusa, na baadaye hupita kwenye mashine. Watoto waelezwe tangu nyumbani kwamba watamwona mbwa, kwamba amefungwa kamba na ana bwana wake, na kwamba kazi yake ni kutulinda. Asiyeelezwa hupiga kelele na kukimbia, na kukimbia kwenye umati ndiko kupotea.

Ama kuhusu tohara, sisi watu wa madhehebu ya Imamu Shafi hatuna haja ya wasiwasi uliopita kiasi. Kilicho kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihami. Mbwa akinusa begi kavu bila kuliachia unyevu, begi hilo li safi. Ikiwa ameligusa kwa pua yenye maji au ulimi, basi mahali pale paoshwe mara saba, moja yao kwa udongo, kama tulivyosoma madrasa. Na mtu akiwa na shaka tu, hukuona unyevu wala hakuonyeshwa, asili ya kitu ni usafi. Njia nyepesi ni kutumia begi la nje lililo rahisi kuoshwa, na kuweka mswala, nguo za kusalia na chakula ndani kabisa, ndani ya mfuko mwingine uliofungwa.

Swala safarini

Wahenga walisema msafiri kafiri, wakimaanisha jinsi safari inavyomfanya mtu ayaache aliyoyazoea. Sisi hatutaki methali hiyo itimie kwetu. Kwa bahati njema, safari ya Voi ni nyepesi kwa upande wa swala, na ni fursa ya kuwafundisha watoto ruhusa aliyotupa Mola wetu.

Masafa ya kupunguza swala katika madhehebu yetu ni marhala mbili, ambazo wanazuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa kilomita 80 na zaidi kidogo. Voi imeipita hesabu hiyo. Mariakani haikufika, hivyo anayekwenda Mariakani husali kamili kama aliye nyumbani. Safari huhesabiwa tangu mtu apite majengo ya mji wake. Adhuhuri, alasiri na isha hupunguzwa kutoka rakaa nne hadi mbili. Alfajiri na magharibi hazipunguzwi. Nia ya kupunguza iwepo wakati wa takbira ya kwanza, na asiwe nyuma ya imamu anayesali kamili. Akimfuata huyo, naye atimize.

Treni hufika Voi kabla ya adhuhuri kuingia, kwa hivyo hakuna swala inayowakuta ndani ya behewa wakati wa kwenda. Mkifika mnakolala, mtasali adhuhuri rakaa mbili na alasiri rakaa mbili, kila moja kwa wakati wake au kwa kuzikusanya. Anayekusanya wakati wa adhuhuri aanze kwa adhuhuri, anuie kukusanya kabla hajaitoa salamu, na asiweke pengo refu kati ya swala mbili. Ruhusa hiyo yaendelea muda wote mnaokaa Voi, maadamu nia yenu ni kukaa chini ya siku nne, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka.

Wakati wa kurudi patazamwe saa. Treni ya kurudi hupita Voi karibu na adhuhuri na kuingia Miritini mnamo saa nane mchana. Ikiwa wakati umeingia kabla ya kupanda, salini hapo hapo rakaa mbili. Ikiwa haujaingia, msihangaike kusali katika ujia wa behewa huku watu wakipita. Mtafika wakati ungalipo, na mwenyeji wa Mombasa atasali rakaa nne kwa kuwa amesharudi mjini kwake. Wa Malindi angali msafiri mpaka afike kwake.

Na kibla ya pwani yetu na ya Voi ni karibu kaskazini kamili, jambo ambalo mtoto wa miaka saba aweza kufundishwa: jua lichomozapo liwe mkono wako wa kulia. Kabla ya hapo, treni inapoanza tu kutikisika, familia isome pamoja ile dua ya kupanda chombo iliyomo katika Sura Zukhruf, aya ya 13 na 14. Mtoto aliyeisoma akiwa treni inaondoka hataisahau kama yule aliyeisoma ubaoni.

Ndani ya behewa

Viti vya daraja la kawaida vyaelekeana, na katikati pana meza ndogo. Hilo lawafaa wenye familia: kaeni kwa kuelekeana, wadogo upande wa dirisha, wakubwa upande wa ujia, ili mtoto asiweze kutoka bila kupita miguuni mwa mtu mzima. Madirisha hayafunguliwi, na hilo ni salama.

Msiwape kila kitu saa ya kwanza. Robo saa ya mwanzo ni ya kutazama na kuuliza. Kisha toeni chakula. Baada yake mchezo mdogo: nani atakuwa wa kwanza kuona mbuyu, tembo, au kilima cha Sagalla? Kitabu kimoja cha hadithi na kalamu za rangi hubeba muda uliobaki. Simu ibaki mfukoni. Na ikilazimika kutolewa, sauti izimwe. Behewa ni la watu wote, Waislamu na wasio Waislamu, na watoto wetu watatambulikana kwa mitandio na kofia zao. Makombo yaokotwe, takataka zitiwe mfuko wa kuondoka nao, na kiti kiachwe kama kilivyokutwa. Hiyo ni daawa isiyohitaji mhubiri.

Kuhusu usalama, hapa hatuna mzaha. Kwenye jukwaa la stesheni kila mtoto awe ameshikwa mkono, nyuma ya mstari uliochorwa, mpaka treni isimame kabisa. Treni za mizigo huweza kupita stesheni za kati bila kusimama. Kila mtoto ajue jina kamili la baba na la mama, kwa maana mtoto anayejua "Mama" peke yake hawezi kutangaziwa. Asiyeweza kukariri namba ya simu aandikiwe kwenye kikaratasi kitiwe mfukoni, bila ya jina lake kuonekana nje ya nguo, ili asije akaitwa kwa jina na mtu asiyemjua. Na afundishwe hivi: ukitupotea, simama hapo hapo, sisi ndio tutakaokujia, akikusemesha mtu, mwombe akuitie askari wa stesheni aliyevaa sare.

Kushuka, kukaa na kurudi

Voi si mwisho wa njia, na hapo ndipo familia nyingi huaibika. Treni husimama dakika chache tu, kisha huendelea. Asiyeshuka hubebwa hadi Mtito Andei. Robo saa kabla, viatu vivaliwe, choo kiendwe, mabegi yateremshwe na aliyelala aamshwe. Treni ikisimama, mtu mzima mmoja atangulie kushuka na kupokea watoto mmoja mmoja huku wakihesabiwa kwa sauti. Mwingine awe wa mwisho, akague viti na chini yake. Gari la kuwachukua liwe limekwisha kupangwa na bei yake imekubaliwa.

Mkiwa Voi, msijaze siku. Siku ya kwanza iwe ya jamaa na mapumziko. Ya pili, wenye uwezo waende Mbuga ya Tsavo Mashariki, ambayo lango lake moja liko karibu na mji, au wapande milima ya Taita hadi Wundanyi wakaone mabonde ya kijani na kuhisi baridi ambayo watoto wa pwani hawaijui. Wasio na uwezo huo hawakukosa kitu: shamba la jamaa, mbuzi, ndoo ya maji na watoto wenzao ni vitu vya kutosha kwa mtoto wa miaka mitano.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Siku ya kurudi mwe stesheni mapema, na mahamri machache yawe yamebakishwa, kwa sababu njaa ya kurudi ni kali kuliko ya kwenda. Na ile jioni ya kurudi isiwe jioni ya kupika wala kufua. Chakula kinunuliwe, au baba na vijana waingie jikoni, mabegi yangoje hadi asubuhi. Kisha kila mtoto aulizwe jambo moja aliloliona, na mama asikilize akiwa amekaa.

Ratiba na nauli hugeuka, basi zithibitisheni kabla ya kuondoka. Na lenye utata katika swala mwulizeni sheikh wenu wa mtaa, kwa kuwa kila familia ina hali yake. Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wote wa nchi kavu, baharini na angani, awarejeshe salama kwa watu wao, na azitie mapenzi nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.